Namna ya Kijiji cha Kigoma Kushirikiana na Serikali Kuwarejesha Sokwe

Sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa za Gombe na Mahale. Kwa hiyo kazi ya kuwarejesha, yaani kuwalinda hadi idadi yao iongezeke tena, huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji, na mwongozo huu unawalenga viongozi na wananchi wa Kigoma na Uvinza walio tayari kuianza.

Anzeni na mpango wa matumizi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi hiyo, nayo Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Waiteni afisa ardhi na afisa misitu wa wilaya, kisha mtembee nao mipakani pamoja na wazee, warina asali na akina mama wanaookota kuni, kwa kuwa hao ndio wanaojua mabonde yasiyokauka na miti ambayo sokwe hula matunda yake. Kabla ya kupitisha ramani, kaeni na vijiji jirani: msitu unaoishia mpakani huwaacha sokwe bila ushoroba, yaani njia ya kupita kati ya misitu, hata ukitunzwa vizuri namna gani.

Sheria ndogo zijadiliwe na mkutano mkuu, kisha zipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Msiliruke hili, kwani faini isiyo na idhini hiyo haina nguvu.

Walinzi wa msitu watoke kijijini. Wafundishwe kuhesabu viota ambavyo sokwe hujenga kila jioni, na kurekodi kwa simu mitego, moto na miti iliyokatwa. Taarifa zao zisomwe kijijini kabla ya kwenda wilayani. Mlinzi mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani, maana maradhi yetu ya kifua huwaua sokwe.

Jambo gumu zaidi ni muda. Sokwe jike huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 13 hivi, na baada ya hapo hukaa takriban miaka mitano kabla ya kuzaa tena. Kwa maoni yangu, mradi wa miaka mitatu hauwezi kudai kwamba umewaongeza. Kulungu wa nchi za baridi waitwao karibuu huzaa upesi zaidi, lakini hata wao walihitaji miaka mingi. Huko Kanada, jamii za wenyeji za West Moberly na Saulteau zililichukua kundi la Klinse-Za likiwa na wanyama 38 mwaka 2013, zikawalinda majike wenye ndama ndani ya uzio na kupunguza mbwa mwitu, hadi kundi likapita 100 mwaka 2021. Serikali zilitia saini makubaliano ya kulinda ardhi yenyewe mwaka 2020, wakati kazi ya wenyeji ilikwisha kuzaa matunda.

Nanyi daini makubaliano ya maandishi na wilaya, yakieleza nani atawalipa walinzi fedha za wafadhili zikiisha, nani atakagua shamba lililoliwa na sokwe na ndani ya siku ngapi, na mapato ya faini na asali yatagawanywa vipi.