Namna ya Kuzoeana na Simbilisi Wageni Wenye Woga

Simbilisi anapofika katika nyumba mpya, kwa kawaida hujibanza pembeni mwa kizimba, hukaa kimya kwa muda mrefu na hutimua mbio kila mkono unapoingia. Wafugaji wengi wanaoanza hudhani wamepata mnyama asiyependa watu, ilhali anachokifanya ni kile kile kilichowanusuru mababu zake katika nyanda za Amerika ya Kusini, ambako mwewe, mbweha na nyoka waliwawinda mchana na usiku. Watu wa milima ya Andes wamemfuga kwa maelfu ya miaka, lakini woga huo haujamtoka, kwa sababu hana makucha ya kupigania wala uwezo wa kupanda mti, na silaha yake pekee ni kuwahi kukimbia. Kwa hiyo urafiki naye haupatikani kwa kumshika mara nyingi mpaka achoke kupinga. Hupatikana kwa kumpa nafasi ya kuja mwenyewe, na kila hatua iliyoelezwa hapa inategemea jambo hilo.

Anza na kizimba. Simbilisi wawili wanahitaji sakafu isiyopungua sentimita 120 kwa 60, na ikiwa kubwa zaidi ni bora, kwa kuwa mnyama aliyebanwa hana pa kukimbilia na hivyo hatulii. Kiweke kando ya ukuta, katika chumba ambacho watu hupita na kuongea lakini hakuna kelele za ghafla, mbali na jua kali, upepo wa moja kwa moja, mbwa na paka. Wapo wanaoshauri kuondoa maficho yote ili mnyama azoee kuonekana. Ushauri huo ni mbaya. Simbilisi asiye na pa kujificha hazoei, bali huganda tu, na kuganda huko hudhaniwa kuwa utulivu. Mpe kila mmoja ficho lake lenye milango miwili, ili mwenzake asije akamzibia njia ya kutokea. Boksi la kadibodi lililotobolewa pande mbili linatosha kabisa, na utaona kwamba anayejua ana pa kurudi ndiye anayethubutu kutoka mapema.

Wafugwe wawili au zaidi, kwani hawa ni wanyama wa kundi. Nchini Uswisi sheria iliyoanza kutumika mwaka 2008 inakataza kumfuga simbilisi peke yake. Wapo wanaohofia kwamba wakiwa wawili watashughulikiana wao tu na kumsahau binadamu, lakini mara nyingi huwa kinyume, kwa sababu mmoja huwa jasiri kidogo kuliko mwingine, na yule mwoga akimwona mwenzake anakula mkononi mwako bila kudhurika, naye hujongea. Chagua wa jinsia moja wanaoelewana, au dume aliyehasiwa pamoja na majike.

Katika siku mbili tatu za mwanzo usimguse kabisa. Badilisha maji, jaza nyasi kavu, ondoa uchafu ulio wazi, kisha kaa karibu na kizimba ukisoma au ukifanya kazi zako huku ukizungumza kwa sauti ya chini, ili harufu na sauti yako viwe sehemu ya mahali hapo. Jambo moja tu lisisubiri: hakikisha anakula. Utumbo wa simbilisi unatakiwa kufanya kazi wakati wote, hivyo akipitisha nusu siku bila kula au bila kutoa kinyesi, huo si woga wa kuvumiliwa tena, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Muda huo wa kukaa na kutazama utumie kujifunza lugha yake. Akisimama wima bila kutikisika, macho yametoka na miguu imejikaza, ana hofu, na mwendo wowote wako utamfanya aruke. Akilala ubavu na kunyoosha mguu mmoja wa nyuma, ameanza kujisikia yuko kwake. Mluzi mkali unaosikika jokofu linapofunguliwa au mfuko wa mboga unapochakarika ni wito wa chakula, na ni dalili njema kwamba amekuunganisha wewe na jambo zuri. Mngurumo laini wa chini mwili ukiwa umelegea ni wa kuridhika, bali ule mfupi na mkali huku mwili umekakamaa ni wa wasiwasi. Akigonganisha meno, anaonya, nawe umwache. Siku utakayomwona akiruka ghafla hewani, akijipinda na kutua akikimbia, ujue ana furaha. Vijana hufanya hivyo zaidi kuliko wazee.

Baada ya hapo ingia na chakula mkononi. Mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, hivyo mboga mbichi anazihitaji kila siku kwa vyovyote, na ni vyema sehemu yake aipokee kutoka kwako badala ya kuikuta ndani ya bakuli. Kipande kirefu cha pilipili hoho au kijiti cha kotimiri kinafaa mwanzoni, kwa sababu kinaacha nafasi kati ya pua yake na vidole vyako. Ingiza mkono kwa upande, chini kabisa, usiuteremshe kutoka juu, maana kivuli kinachoshuka kutoka juu kwake ni mwewe. Kisha tulia. Atatoa pua kwanza, masharubu yakichezacheza, halafu atajinyoosha mpaka awe mrefu ajabu, miguu ya nyuma ikibaki pale pale mlangoni tayari kurudi. Atanyakua na kukimbilia ndani. Huo ni ushindi, usimfuate. Siku zinavyokwenda atakula akiwa nusu nje, kisha nje kabisa, kisha ataweka miguu ya mbele juu ya kiganja chako. Kanuni moja usiivunje hata mara moja: anapokuja kula mkononi, usitumie nafasi hiyo kumkamata. Ukifanya hivyo, chakula chenyewe kitageuka kuwa mtego machoni pake.

Akishazoea kula hivyo, mguse kwa kidole kimoja shavuni au chini ya kidevu akiwa anatafuna. Wengi hawapendi kuguswa kiunoni na matakoni. Akirusha kichwa juu kuusukuma mkono, anakwambia inatosha, na ukimsikiliza mara hiyo, safari ijayo atakuruhusu muda mrefu zaidi.

Kumbeba kunataka uangalifu, kwa kuwa kumkimbiza kizimbani kote kabla ya kumkamata hufuta kazi ya siku nyingi. Mfundishe kuingia katika boksi dogo au bomba pana lenye mboga ndani, kisha mwinue akiwa humo, umtolee mapajani. Ukimwinua kwa mikono, mmoja upite chini ya kifua na mwingine ubebe matako, kisha umwegemeze kifuani pako mara moja, kwani miguu inayoning'inia humtia kiwewe. Kaa sakafuni, na watoto wasimshike isipokuwa wameketi, kwa sababu hata kuanguka kutoka mapajani kunaweza kuvunja mguu au meno. Dakika 5 hadi 10 zinatosha mwanzoni, akiwa na kitambaa cha kujifunika na mboga ya kutafuna. Akianza kuhangaika au kuvuta nguo yako kwa meno, mara nyingi anataka kukojoa, basi mrudishe. Wakati wa kumrudisha shikilia vizuri hadi miguu yote iguse sakafu ya kizimba, maana wengi huruka pale wanapoona wamekaribia kufika.

Njia ninayoipendelea kuliko zote ni kuwazungushia uzio sehemu ya sakafu, kuondoa nyaya za umeme, kuweka maficho na nyasi, kisha wewe mwenyewe kuketi katikati bila kuwataka chochote. Watapita kando kando ya ukuta kwanza, kisha nyuma yako, na hatimaye watakupanda miguuni kama sehemu ya mandhari.

Wengine huzoea ndani ya wiki chache, wengine huchukua miezi, na wapo ambao watakula mkononi maisha yao yote bila kupenda kupakatwa. Hao nao wamekuamini, na wasilazimishwe. Mpime uzito mara moja kwa wiki, zoezi ambalo pia humzoesha kuinuliwa. Simbilisi aliyekwisha kuzoea akianza ghafla kujificha, kukataa mboga au kupungua uzito, usidhani woga umemrudia, kwani huenda anaumwa. Mpeleke kwa daktari anayewafahamu wanyama hawa, na usimpe dawa za watu au za wanyama wengine, kwa maana penisilini ya kumeza, kwa mfano, inaweza kumuua.