Pima mkopo kwa kazi, si kwa jina la kozi

Nimeligundua hili nikimsaidia mdogo wangu kuchagua kozi. Kwa shahada ya fani mseto, tuseme mazingira na uchumi, usipime mkopo wa masomo kwa wastani wa mishahara ya wahitimu wake. Mmoja kaingia benki, mwingine yuko kwenye mradi wa maji, wa tatu anafundisha. Wastani wao si mshahara wa yeyote kati yao. Andika kazi tatu ambazo kweli ungeziomba, tafuta mshahara wa kuanzia wa kila moja, kisha shika ule wa chini kabisa. Sasa rejesho: kwa riba ya asilimia 6 na miaka 10, kila 1,000 unayokopa inakula kama 11.10 kwa mwezi, kwa hiyo 20,000 ni 222. Likizidi sehemu moja ya kumi ya mshahara huo, mimi ningepunguza mkopo. Na jumlisha mkopo wa miaka yote ya masomo, si wa mwaka wa kwanza tu (hapa ndipo wengi tunajidanganya). Hesabu hii haisaidii kama marejesho yako yanakatwa kwa asilimia ya kipato. Kama kazi yenyewe inadai shahada ya pili, ongeza deni lake kwanza ndipo upime.