Falsafa yako ya dizaini unaipataje? Maelekezo kwa wabunifu wa Mtwara na Lindi

Hii nawaandikia wenzangu wa Mtwara na Lindi mnaoishi kwa kutengeneza vitu, uwe unadizaini lebo na kadi za harusi kwenye kompyuta, uwe seremala, fundi cherehani, mchora mabango, yeyote. Kuna siku mteja anakuuliza kwanini hapa umeweka hivi na sio vile, na jibu pekee unalokuwa nalo ni "imependeza tu". Hapo ujue bado huna msimamo wako, na mtu asiye na msimamo kila mteja anamhamisha anavyotaka, mwisho ukipanga kazi zake mezani zinaonekana zimefanywa na watu tofauti kabisa.

Mimi naamini kwamba falsafa ya ubunifu unaichimba kwenye kazi ulizokwishafanya na kwenye vitu unavyovipenda, halafu unaiandika kwa namna ambayo inaweza kukukatalia jambo. Ukianzia kwenye maneno mazuri utaishia na maneno mazuri.

Kwahiyo anza na kazi zako. Chukua za mwaka huu na mwaka jana, kama ziko kwenye simu zitoe hata kwa nyeusi na nyeupe pale steshenari, uzitandaze chini sebuleni. Usitafute ipi nzuri. Tafuta kitu gani kinajirudia bila wewe kuombwa. Labda kila mara unaacha nafasi kubwa juu, labda hupendi vivuli kwenye maandishi, labda kila meza unayotengeneza unaiviringa pembe kwasababu unawaza watoto wa mwenye nyumba. Kila kinachojirudia kiandike na ujiulize kimetoka wapi, maana vingine vimetoka kwako kweli na vingine ni templeti za Canva, ile programu ya kudizaini mtandaoni, zimekuzoesha tu. Ukishindwa kutofautisha mpe mtu anayekujua aangalie, muulize "hapa ungejuaje kama ni mimi?" Atakachosema kiandike kama kilivyo, usibishane nae.

Afu fanya na upande wa pili ambao wengi wanauruka: orodhesha ulivyovikataa. Kazi uliyorudisha advansi, rangi uliyoombwa ukasema hapana, mbao uliyopewa kwa bei rahisi ukaiacha. Hii orodha naithamini kuliko ile ya kwanza, kwasababu kukubali mtu anaweza kukubali kwa njaa, ila ukikataa hela na shida unayo, basi hapo umegusa kitu unachokiamini.

Ukimaliza hapo toka nje uangalie vitu vya watu wengine, na huku kwetu Kusini hatuna haja ya kwenda mbali. Ukipata nafasi panda boti pale Kilwa Masoko uvuke mpaka Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa zamani. Magofu yale yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981 na watu wanasifia ukubwa wake, mimi nakuomba uangalie upana wa vyumba. Nyumba za mawe za zamani za pwani zina vyumba virefu halafu vyembamba, na sababu ni boriti. Dari lilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko una urefu wake, ukiuvuta zaidi ya hapo uzito wa mawe na chokaa unaupinda. Yaani upana wa chumba uliamuliwa na mti, fundi akaukubali mpaka huo, akarefusha chumba kwa upande aliobaki nao. Na pale Msikiti Mkuu ulipoongezwa, sehemu kubwa wakaezeka kwa matao na kuba juu ya nguzo badala ya kutegemea boriti.

Sogea sasa karibu na jiwe lenyewe. Kuta zimejengwa kwa mawe magumu ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, lakini kwenye mihrabu, pale imamu anaposimama kusalisha, na kwenye miimo ya milango utakuta jiwe jingine lenye chembe ndogo ndogo na limechongwa safi. Hilo ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, wakati huo ni laini linachongeka, likishakaa hewani linakuwa gumu. Walilipeleka pale ambapo mtu anasimama au anapita, sehemu jicho linapotua, na ukuta mwingine wakaupiga chokaa tu wakauacha utulie. Ukiona hivyo unapata swali la kujiuliza kila kazi: kitu changu cha thamani nimekiweka wapi, na kwanini hapo? Mimi hilo swali nalitumia hata kwenye kadi ya harusi, kama rangi ya dhahabu ipo basi inaenda kwenye majina ya bwana na bibi harusi, haiendi kwenye kila kona.

Mfano wa pili ni mpingo. Gogo la mpingo nje lina sehemu nyeupe na ndani kiini cheusi, na mchongaji wa Kimakonde anapochukua tezo anaanza kulisoma kwanza, limepinda wapi, lina tundu wapi, hiyo nyeupe aitoe au aiache iwe sehemu ya umbo. Ila kinachonivutia zaidi ni kwamba kwenye mti huo huo zimetoka njia tofauti kabisa. Kuna ujamaa, watu wamepandana na kushikana kwenye gogo moja hakuna kiungo. Kuna shetani, mitindo ya viumbe vyenye macho na viungo visivyo vya kawaida, ambayo inahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa miaka ya 1950. Kuna mawingu, umbo tu linazunguka halina sura ya mtu. Kwahiyo mtu asikudanganye kwamba ukiheshimu malighafi itakuamulia kila kitu. Malighafi inakupa mipaka, ndani ya mipaka bado wewe unatakiwa useme unaamini nini, kwamba watu wanabebana, au kwamba duniani kuna visivyoonekana, na mwingine atakwambia umbo lenyewe linatosha. Na George Lilanga, aliyezaliwa huku kusini mwaka 1934, alianza na uchongaji akaja kwenye uchoraji wa rangi kali, viumbe vyake vikamfuata mpaka kwenye rangi. Vifaa vilibadilika na bado ukiona unajua ni yeye. Hicho ndo kitu tunachokitafuta hapa.

Hapo sasa ndo soma falsafa za watu wa mbali, sio kabla. Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, mwaka 2022, shule yake ya kwanza aliijenga kijijini kwao Gando kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, bati akaliinua juu likaachana na dari ili joto litoke. Mtu wa Mtwara aliyelala chini ya bati mwezi wa kumi na mbili anaielewa hiyo bila kufundishwa, ichukue. Dieter Rams wa Ujerumani, aliyedizaini redio na vifaa vya kampuni ya Braun, ana kanuni kumi, na ya mwisho inasema dizaini nzuri ni dizaini kidogo iwezekanavyo. Hii nayo nzuri, kwenye lebo na kwenye bango la duka inafanya kazi. Ila ipeleke kwenye mwaliko wa sherehe ya mtoto anayetoka jandoni uone, familia imejichanga msimu mzima halafu unawapa karatasi nyeupe ina mstari mmoja, watajua umewanyima. Kwetu sherehe ni wingi, na wingi ni heshima. Sasa ukiangalia kanga utaona wingi una utaratibu wake, kuna pindo linazunguka pande zote, kuna mji katikati, kuna jina, na rangi zinapiga kelele lakini hakuna kinachotoka nje ya pindo. Mimi kutoka hapo nilipata kanuni yangu naipenda mno: kelele ruksa, ila ziwe ndani ya pindo. Rams na kanga vyote viwili viko kwenye daftari langu, kila kimoja na mahali pake.

Sasa kuandika. Ukurasa mmoja tu, kwa lugha unayowazia, kama unawaza Kiswahili usiandike Kiingereza ili upendeze kwenye wasifu. Sentensi kama "napenda ubora na ubunifu" ifute, hakuna mtu anayependa ubovu, haikusaidii kuamua chochote. Kila kanuni ipime hivi: je, naweza kuitumia kukataa kitu fulani kesho asubuhi? Za kwangu baadhi ni hizi. Lebo isomeke na mtu aliyekaa ndani ya basi. Fonti mbili mwisho. Picha ya mtu haitumiki mpaka mwenyewe akubali. Na hii: vitu vya jando na unyago siviweki kwenye bidhaa kabla sijauliza wazee.

Hiyo ya mwisho niiseme zaidi kwasababu inaniuma. Sura za mapiko, vile vinyago vya Kimakonde vya kuvaa kichwani, zinapendwa sana, vijana wanazichukua mtandaoni wanaziweka kwenye fulana na logo za baa, na wengi hawajui kwamba mapiko ni ngoma yenye wenyewe, imefungwa na jando, kuna mambo mwanamke au mtoto ambaye hajaingia hakutakiwa kuyajua. Mimi sisemi isitumike kabisa, wazee wengine wenyewe wanaicheza hadharani na wanafurahi. Nenda kaulize, piga hodi, toa shikamoo, eleza unataka kufanya nini. Wakikataa una kazi nyingine nyingi za kufanya, wakikubali utaondoka na maelezo ambayo hakuna mtandao utakupa.

Baada ya kuandika, kanuni zijaribu kwa mteja mwenye hela yake mkononi, maana kwenye daftari kila kanuni ni shujaa. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wa Newala wanabangua korosho na walitaka lebo, wanapeleka pakiti zao kuuzwa pale Mnazi Mmoja njiapanda ya Masasi ambapo muuzaji anainua pakiti dirishani na basi halikai. Mwenyekiti wao akaniambia, "Mwanangu, weka mkorosho, weka bibi anabangua, weka ramani ya Tanzania, na bendera isikose." Yote hayo kwenye stika ya upana wa kiganja. Sikubishana, mama wa watu anajua anachokipenda. Nikaprinti mbili kwenye karatasi ya kawaida, ya kwake kama alivyosema na nyingine ina neno KOROSHO kubwa, uzito, na korosho moja tu iliyopinda, nikazigandisha kwenye pakiti, nikamwomba kijana avuke barabara azinyanyue. Nikasema, "Mama, nisomee." Ile ya KOROSHO akaisoma papo hapo. Ile ya kwake akakunja macho, akacheka, akasema, "Haya, bibi mpeleke nyuma." Bibi akaenda nyuma pamoja na majina ya kikundi, tarehe ya kuisha na mambo mengine yanayotakiwa. Rangi walitaka nyekundu, mimi ningeweka kijani, nikaacha nyekundu, kwasababu kwenye kanuni zangu hakuna hata moja inayosema kuhusu nyekundu na bidhaa ni yao.

Hapo ndo faida ya kuwa umeandika, unajua wapi pa kusimama na wapi pa kulegeza, hutumii nguvu kugombania mambo ambayo ni ladha yako tu.

Kuhusu muda, msimu wa korosho unapoanza mwezi wa kumi hela zinazunguka na kazi zinamiminika, usijidanganye kwamba utakaa kufikiria falsafa. Tumia masika, shughuli zikishapungua. Wiki hizo jipe kazi isiyo na mteja na uibane makusudi, rangi mbili tu, au bila kompyuta kabisa, brashi na ubao. Ukibanwa namna hiyo unaona mapema ni kanuni gani unaishika kweli na ipi uliiandika kwasababu ilisikika vizuri.

Na kuna siku zitagongana, mfano "heshimu anachotaka mteja" na "isomeke kwa mbali". Kwahiyo zipange kwa namba, ya juu inaishinda ya chini, na namba hizo ziamue ukiwa umetulia nyumbani wakati hakuna mtu amekukalia mezani. Karatasi iandike tarehe, ibandike karibu na unapofanyia kazi. Kila masika ishushe, ambayo mwaka mzima haijakukatalia chochote ikate kwa kalamu, na kama kuna kitu umekikataa mara kwa mara na hakijaandikwa popote, kiandike kichukue ile nafasi.