Jinsi ya Kuchagua Mbinu ya Kumfundisha Mgeni Kuandika Kiswahili

Mwalimu anayewafundisha wageni Kiswahili mjini Lamu na ajiulize kwanza mwanafunzi wake anataka kuandika nini, na kwa ajili ya nani.

Kwa anayeanza, mkabala wa matokeo, yaani wa kuiga mfano uliokwisha kuandikwa, hufaa: mpe sentensi kama "Jahazi kubwa limetia nanga", kisha aiandike kwa wingi, "Majahazi makubwa yametia nanga", hadi upatanisho wa ngeli umkae mkononi. Usimweke hapo muda mrefu, asije akawa mnakili hodari asiye na la kusema.

Mkabala wa mchakato, ulioenea Marekani katika miaka ya 1970, humtaka mwanafunzi akusanye mawazo, aandike rasimu, ampe mwenzake aisome, kisha airekebishe. Hapa ndipo walimu wengi, nami nikiwamo, tunapoteleza, kwa kuijaza rasimu ya kwanza wino mwekundu. Katika rasimu hiyo uliza kuhusu maana na mpangilio tu. Viambishi na tahajia vingoje rasimu ya mwisho.

Mkabala wa tanzu, yaani wa aina za maandishi, uliokuzwa Australia tangu miaka ya 1980, huanza na matini halisi. Chukua kadi ya mwaliko wa harusi, mchunguze pamoja ni nani anayealika, heshima zinatajwaje na saa ya karamu imeandikwaje (mgeni anayedhani saa mbili usiku ni usiku wa manane atafika sahani zimeshaoshwa). Andikeni moja ubaoni, kisha kila mmoja aandike yake. Kwa darasa la saa chache kwa wiki, ningeanzia hapa, na kutia rasimu mbili za mchakato ndani yake.