Kusaka hazina kilimani bila karatasi

Mbuzi ndiye aliyenifundisha kuandaa mchezo huu vizuri. Mara ya kwanza niliandika vidokezo vyote kwenye vipande vya manila, mwandiko wa kupendeza, kila kimoja nikakibana kwa kibanio cha nguo kwenye tawi. Watoto kumi na wawili walifika kwenye mgunga wa tatu wakamkuta beberu wa jirani amesimama kwa miguu ya nyuma, anamalizia kona ya mwisho. Mdogo kuliko wote, wa darasa la pili, akanigeukia: "Babu, jibu linatafunwa."

Tangu siku ile situmii karatasi. Jibu liwe kwenye kitu ambacho mbuzi hali, upepo haubebi na mpita njia hana haja nacho: shina la mbuyu, mwamba, kichuguu, kona ya njia. Ukishika hilo, mengine yote ni kujipanga.

Mimi nilishika mnyororo wa wapima ardhi miaka mingi, enzi Dodoma inakatwa viwanja baada ya kuamuliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu yatahamia huku. Naishi Ntyuka, na nyuma ya nyumba zetu kuna kilima cha mawe chenye njia ya kuni na njia ya mbuzi. Hapo ndipo ninapowachezesha wajukuu na wenzao kila likizo ya Juni. Wewe tumia kilima chako. Kama watoto bado hawajaanza shule, usiwapandishe popote. Wapeleke Chinangali Park, au Nyerere Square waanzie kwenye sanamu ya Mwalimu, wahesabu ngazi na viti, na vituo vinne vinawatosha.

Kabla ya yote, omba ruhusa. Kwenye bustani ya mjini ongea na wasimamizi, kwenye kilima cha mtaa mwone mwenyekiti na wenye mashamba ya pembeni, na kama ni msitu wa hifadhi utahitaji kibali. Si urasimu tu. Watoto kumi na wawili wakikimbia huku wanapiga kelele karibu na mzinga wa mtu, wewe ndiye utakayeulizwa.

Msimu nao una maneno yake. Mvua zetu ni za mkupuo mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na Mei majani bado marefu, huoni unapokanyaga. Kuanzia katikati ya Juni mpaka Agosti majani yamelala, jua halichomi sana, ila asubuhi kuna baridi na upepo unaopeperusha kofia. Oktoba siwapeleki. Joto lenyewe, na maji ya kunywa yanaisha kabla ya kituo cha tano.

Sasa njia. Siku mbili kabla, ipite mwenyewe polepole ukitafuta vitu vinane visivyohama. Mimi nina mbuyu mmoja wenye mambo ya kupandia, vile vijiti vilivyopigiliwa zamani na warina asali, mwamba uliopauka kwa mkojo wa pimbi, mkwaju pacha, mgunga uliojaa viota vya mnana, korongo lenye mchanga, jiwe lililokaa juu ya jiwe mpaka unajiuliza nani alilipandisha, shina la mti uliokatwa, na kona ambayo mji wote unaonekana chini. Vifuate kwa mzunguko, siyo mstari, ili kituo cha nane kirudishe watoto cha kwanza. Mzunguko wangu hauzidi kilomita moja na robo. Watoto wataukimbia mara mbili hata hivyo, kwa sababu ya kukosea.

Faida ya mzunguko ni kwamba timu haziongozani. Ukiweka mstari, timu ya pili inafuata tu mgongo wa ya kwanza. Mimi nina timu nne za watoto watatu watatu, mmoja wao akiwa mtoto mkubwa wa kuongoza timu, na kila moja inaanzia kituo tofauti: cha kwanza, cha tatu, cha tano, cha saba. Kila kituo nimeandika herufi moja kwa chaki juu ya mwamba au gome, upande usioonekana ukitokea njiani. Herufi nane zinaunda neno KICHUGUU. Timu iliyoanzia cha tatu itakusanya C, H, U, G, U, U, K, I, halafu ikae chini iumize kichwa. Hapo ndipo utajua nani ni nani. Mvua ya kwanza ikinyesha chaki imeondoka, kilima kimebaki kama kilivyokuwa. Rangi ya kopo usiguse. Na kama uko upande wa Kondoa, kwenye miamba yenye michoro ya kale ya Kolo, hata chaki usiitoe mfukoni. Michoro ile iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, nayo ilikuwepo kabla ya babu wa babu zetu. Watoto waitazame tu.

Kuna watakaokuambia tumia simu. Najua mchezo huo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa GPS, yaani setilaiti zinazoonyesha mahali ulipo. Ulianza Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia, na siku chache baadaye mtu akaficha ndoo porini Oregon akatangaza mahali ilipo. Sina ugomvi nao. Ila simu hukosea mita kadhaa, chini ya mwamba mkubwa hukosea zaidi, na mtoto anayetazama kioo haoni pimbi.

Kidokezo cha kwenda kituo kinachofuata nakitoa kwa mdomo. Kila mkubwa wa timu ana daftari. Kabla hatujaondoka nasoma vitendawili vyote vinane, wanaandika. "Kitendawili!" "Tega!" Hiki hapa cha mbuyu: *Mzee mnene, nusu mwaka yuko uchi, maua yake hufungua usiku, mgeni wake ni popo.* Cha mwamba wa pimbi: *Mdogo kama sungura, ndugu yake tembo, ukoo mzima choo kimoja.* Hawaamini kabisa kwamba pimbi na tembo ni ndugu. Mwaka juzi walibishana mpaka timu ikasahau kutafuta herufi.

Kitendawili kinakuambia utafute nini. Kinachokuambia uende wapi ni hesabu, na hesabu hiyo inatoka kwenye kituo ulichosimama. Chukua mbuyu wangu. Swali: hesabu mambo unayoyaona ukiwa umesimama njiani. Yako tisa. Zidisha kwa kumi, hizo ni hatua 90, elekea jua linakochomoza. Aliyehesabu manane anaishia hatua 80 katikati ya vichaka, haoni chochote, anarudi mwenyewe kuhesabu upya. Huna haja ya kumwambia amekosea.

Lakini hatua za nani? Hapa ndipo watu wengi huharibu. Mimi nikitembea kawaida, kila mguu unaogusa chini nikiuhesabu, mita 100 nazimaliza kwa hatua 130. Mjukuu wangu wa darasa la tano anazimaliza kwa 160. Hatua 90 zangu ni kama mita 69. Za kwake ni mita 56. Tofauti ya mita 13 kwenye kilima chenye vichaka ni sawa na kumwambia aende kijiji kingine. Kwa hiyo siku ya kupanga natembea na mtoto, yeye ndiye anayehesabu, mimi naandika. Kabla ya kuanza tunanyoosha kamba ya mita 50 barabarani, kila mkubwa wa timu anaitembea kwenda na kurudi na kuandika hatua zake kwenye jalada la daftari. Kupanda mlima hatua hufupika na kushuka hurefuka, kwa hiyo sehemu za mwinuko usitoe namba kubwa. Sema hatua 20, kisha mwachie macho.

Na sasa kosa langu kubwa, nalieleza ili usilirudie. Juni moja nilibuni kidokezo nilichojivunia sana: pale kwenye jiwe juu ya jiwe, fikeni saa sita na nusu mchana, fuateni kivuli chake hatua 40. Kilifanya kazi vizuri ajabu. Sikukuu ya Krismasi wajukuu wengine wakaja kutoka Morogoro, wakaomba mchezo ule ule, nami kwa uvivu nikatoa kidokezo kile kile bila kupita njia. Walifuata kivuli. Kiliwapeleka upande wa pili kabisa, moja kwa moja ndani ya shamba la jirani lililokuwa limetoka kupandwa mtama. Mama mwenye shamba alipokuja kwangu hakupiga kelele, alisema tu, "Baba, njoo uone." Nililipa kwa siku mbili za jembe na aibu.

Sababu yake ni hii. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Juni, mchana wa katikati, jua liko kaskazini mwetu na kivuli kinalala kusini. Desemba jua limehamia kusini na kivuli kinalala kaskazini. Mapema Machi na tena kama tarehe 9 Oktoba linapita juu ya utosi, na ukisimama wima karibu huna kivuli. Halafu, kwa kuwa saa zetu zimefungwa na zile za pwani na mashariki zaidi, katikati halisi ya mchana hapa siyo saa sita kamili, ni kama saa sita na dakika 37, inasogea kidogo mwaka unavyokwenda. Kivuli ni kidokezo kizuri mno, kitumie. Ila kipime wiki ile ile, saa ile ile.

Usalama nitausema kama ninavyowaambia wao. Hakuna kuingiza mkono kwenye tundu. Hakuna kugeuza jiwe, chini yake kuna nge. Herufi zote ziko kati ya goti na bega la mtoto wa miaka minane, kwa hiyo ukijikuta umepiga magoti unachungulia pango, umepotea, ondoka. Viatu vya kufunika, siyo ndala. Mwiba wa mgunga unapenya ndala kama siagi, na mbigili ndiyo usiseme. Filimbi moja kila timu: mlio mmoja tunajuana mlipo, milio mitatu kila mtu asimame na mimi nije. Chupa ya maji kila mtoto. Tunaanza saa moja na nusu asubuhi na saa nne tuwe tumemaliza, isipokuwa siku ya kivuli. Mtu mzima mmoja anakaa kwenye kona ya kuona mji, kwa sababu pana mteremko mkali upande wa chini.

Jambo moja la kazi yangu ya zamani. Wakiona nguzo fupi ya zege yenye namba, au chuma kimechomoza ardhini, wasiguse. Hiyo ni bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja. Watoto huipenda, wanadhani ndiyo hazina yenyewe. Ikisogea hata kidogo, majirani wawili watapelekana barazani miaka mitano.

Hazina siifukii. Mchezo wa kufukua unaacha mashimo, na hicho kichuguu cha zamani kinaweza kuwa na mpangaji asiyependa wageni. Neno KICHUGUU likishapatikana, wanakikimbilia kile kikubwa chini ya kilima, na upande wa kivuli wanamkuta bibi yao amekaa kwenye mkeka na kapu la ukili. Ndani kuna karanga za kukaanga, ubuyu, zabibu za Dodoma kama msimu unaruhusu, na penseli kumi na mbili. Timu ya kwanza inachagua kwanza, basi, wote wanakula. Bibi naye ana sharti lake: hufungui kapu mpaka umpe herufi nane kwa mpangilio, kwa sauti, na mikono imenawa. Mara moja timu ilimletea "GUUCHUKI". Akawarudisha mkwajuni.

Mkimaliza, kabla ya kushuka, kila mtoto aondoe miiba kwenye soli ya kiatu chake, na wewe uhesabu vichwa, filimbi na madaftari. Mimi mwaka jana nilirudi na vichwa kumi na viwili na filimbi tatu. Ya nne inapigwa mtaani kwetu mpaka leo, saa kumi na moja alfajiri, na hakuna anayekiri.