Kabla ya kuweka filamu ya zamani, gusa kwanza mipangilio ya TV

Wapenzi wenzangu wa tamthilia za kihistoria na filamu za kichawi za miaka ya 1980, naomba sana: zimeni kitu cha kulainisha mwendo wa picha. Kiko kwenye mipangilio ya picha, na jina lake mara nyingi lina neno "Motion". Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. TV ya kisasa hubuni nyingine za kujazia katikati, basi jumba la kifalme linageuka studio ya taarifa ya habari, na lile joka lililochongwa kwa mikono ya mafundi linapoteza uhai wote. Inauma kwa kweli.

Angalia na umbo la picha. Tamthilia nyingi za TV za enzi hizo zilirekodiwa kwa 4:3, yaani upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu, hivyo ule weusi pembeni uacheni, usiivute picha ijaze kioo. Jumapili nilimrekebishia mama mkubwa ya kwake, Sinza. Akatulia, akatazama kidogo, akasema, "Kumbe huyu binti ni mwembamba hivi!"