Jinsi ya kufungua nafasi ya kepu NFL msimu ukiwa umeshaanza na kupeleka mkataba ligi ukapita

Kama unashika hesabu ya kepu (kikomo cha pesa timu inazoruhusiwa kutumia kwa wachezaji kwa mwaka) kwenye timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, au unajifunza hiyo kazi, jua kwanza kwamba hesabu ya Julai na hesabu ya Oktoba ni vitu viwili tofauti. Kabla ya msimu ligi inahesabu wachezaji 51 tu wenye gharama kubwa, so timu inaonekana ina nafasi kibao. Mechi za wiki ya kwanza zikifika inahesabiwa rosta nzima, yaani kikosi chote cha watu 53, majeruhi, kikosi cha mazoezi cha watu 16, na pesa za waliokwisha kuachwa. Kepu ya 2025 ilikuwa dola milioni 279.2, na hicho kikosi cha mazoezi peke yake, kila mtu akilipwa kima cha chini cha mwaka huo cha dola 13,000 kwa wiki, kwa wiki 18 kilikula kama milioni 3.7.

Hatua ya kwanza, pata namba yako ya kweli. Wengi wanadhani ukimweka mtu kwenye orodha ya majeruhi kepu inafunguka. Haifunguki! Isipokuwa mkataba wake una kipengele cha mshahara kushuka akiumia, anabaki kwenye hesabu kama alivyokuwa, na anayekuja kuziba pengo anaongezeka juu yake. Hata mgeni (mchezaji wa mwaka wa kwanza) wa kima cha chini kabisa, dola 840,000 kwa msimu wa 2025, alikuwa kama dola 46,700 kila wiki, na majeruhi hawajawahi kuja mmoja mmoja. Mimi ningeingia Septemba na akiba isiyopungua milioni 5, chini ya hapo unaanza kukopa miaka ya mbele mapema mno.

Hatua ya pili, chagua mkataba wa kugeuza. Hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Unachukua mshahara wa msingi wa mchezaji unaugeuza kuwa bonasi ya kusaini, maana bonasi inagawanywa kwenye miaka iliyobaki ya mkataba, isizidi 5. Lakini msimu ukiwa unaendelea unaweza kugeuza tu sehemu ya mshahara ambayo haijaiva, yaani ya wiki ambazo bado hazijachezwa. Tuseme jamaa ana mshahara wa milioni 18, yaani milioni moja kila wiki, na wiki 10 zimeshapita, basi zimebaki milioni 8, na lazima umwachie angalau kima cha chini kwa wiki zilizobaki. Unageuza milioni 7. Kama mkataba una miaka 4 ukihesabu na huu, kila mwaka unabeba milioni 1.75, kwa hiyo leo umepata milioni 5.25 na umejiwekea deni hilohilo kwa miaka mitatu ijayo. Ungefanya wiki ya kwanza ungepata nyingi zaidi, ndo maana kila wiki unayosubiri nafasi inapungua.

Kabla hujampigia ajenti, angalia mambo mawili. Mchezaji aliyedraftiwa (aliyechaguliwa na timu kwenye drafti, zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya) akiwa kwenye mkataba wake wa kwanza haguswi mpaka amalize msimu wa tatu. Halafu soma mkataba vizuri, mingi ina kipengele kinachoiruhusu timu kugeuza mshahara bila kumuomba mchezaji, kama hakipo unahitaji saini yake, na kwa kawaida hakatai kwa sababu pesa ni ileile ila anaipata mapema.

Hatua ya tatu, peleka makaratasi ofisi ya ligi New York kabla ya saa kumi jioni kwa saa za huko. Mpangilio ni muhimu sana: mkataba uliogeuzwa uingie kwanza, ndo upeleke wa mchezaji mpya, ukibadilisha mpangilio huo na nafasi haipo ligi inakataa ule mpya na Jumapili unacheza bila mtu. Na usijaribu ahadi za pembeni ambazo hazijaandikwa, timu ya Denver Broncos walipigwa faini na kunyang'anywa nafasi za drafti kwa mambo ya kepu ya miaka ya 1996 hadi 1998.

Ukiamua kumwacha mtu badala ya kugeuza mkataba, kuwa makini na wakongwe wenye misimu 4 au zaidi. Aliyekuwa kwenye rosta wiki ya kwanza anaweza kudai mshahara wake uliobaki hata ukimwacha, so hujaokoa kitu, na ndo maana timu nyingi zinasubiri wiki ya pili kusajili wakongwe. Bonasi yake iliyokuwa bado kugawanywa kwa miaka ijayo yote inadondokea kepu ya mwaka unaofuata. Baada ya dirisha la kubadilishana wachezaji kufungwa, kila unayemwacha, mkongwe au mgeni, anapita weiva, yaani timu nyingine zinapewa kwanza nafasi ya kumchukua, na timu ikimchukua inabeba mkataba wake uliobaki, hapo umepumua.

Hatua ya mwisho wengi hawaijui kabisa. Nafasi uliyobakiza haihami yenyewe kwenda mwaka unaofuata, timu inapeleka barua ligi yenye saini ya mmiliki ikisema inataka kuhamisha kiasi gani. Iandae mapema mezani kwake, na kabla hujajaza kiasi piga hesabu ya bonasi za mafanikio ambazo hazikutegemewa halafu mchezaji akazifikia, maana hizo nazo zinakatwa.